Kugundua na Kutambua: Habari za Kidhibiti Ndani ya Kontena la Linux

Neno mkiwa lina maana ya mtu aliyebaki peke yake, asiye na jamaa wa kumpasha habari. Lakini mahali paitwapo Mkiwa, katika Mkoa wa Singida, si pa upweke hata kidogo: ndipo barabara itokayo Itigi ikutanapo na ile iunganishayo Manyoni na Singida. Asimamaye njia panda hiyo huliona kila gari lifikalo. Aliyejifungia chumbani hana budi kuambiwa, au kuchungulia dirishani. Yafaa tofauti hiyo ikumbukwe, kwa kuwa ndiyo asili ya tatizo liwasumbualo watumiao kompyuta za Linux: kidhibiti cha mchezo, ambacho vijana hukiita pedi, kikichomekwa wakati mchezo umekwisha kuanza ndani ya kontena, mara nyingi mchezo huo haukijui.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na matumizi ya kontena yalienea sana baada ya Docker kutolewa mwaka 2013. Baadhi ya watu hudhani kwamba kontena ni kompyuta ndani ya kompyuta. Sivyo. Kiini cha Linux ni kile kile kimoja. Programu iliyomo ndani hutengewa tu mafaili yake na mtandao wake. Kwa hiyo kontena ni chumba, wala si nyumba.

Kidhibiti kikichomekwa, kiini hufanya mambo mawili: hufungua faili jipya katika saraka ya /dev/input, na hutoa tangazo. Tangazo hilo hupokewa na mtumishi aitwaye udev. Yeye hukichunguza kifaa, akaandika katika daftari lake lililomo /run/udev kwamba hiki ni kidhibiti na si kibodi, akarekebisha ruhusa za faili, ndipo akatoa tangazo la pili. Michezo mingi husubiri tangazo hilo la pili, kwa kuwa ndilo lenye maelezo kamili.

Hapa yapasa kutenganisha maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kugundua ni kujua kwamba kitu kimefika. Kutambua ni kujua kitu hicho ni nini. Tangazo la udev huleta yote mawili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo watunzi wa programu husahau kwamba ni kazi mbili. Lakini tangazo hilo halivuki mpaka wa mtandao. Kontena lenye mtandao wake lenyewe halilisikii, wala daftari la udev halimo ndani yake. Wako walitoao kontena katika mtandao wake na kulipa daftari la nje. Dawa hiyo yaweza kufaa, ila huubomoa ukuta ambao ndio sababu ya kujenga kontena.

Njia iliyo bora ni kuchungulia. Tangu mwaka 2005 kiini cha Linux kina huduma iitwayo inotify, ambayo huiarifu programu kila saraka ibadilikapo. Hiyo ndiyo kazi ya kugundua. Ya kutambua hubaki kwa programu yenyewe: hulifungua faili na kukiuliza kiini kifaa hicho kina vitufe gani na vijiti gani. Maktaba ya SDL, itumikayo katika michezo mingi, hufanya hivyo ikijikuta ndani ya Flatpak. Katika kontena za namna nyingine huamrishwa kwa kuweka SDL_JOYSTICK_DISABLE_UDEV kuwa 1.

Masharti ni matatu. Kwanza, kontena lipewe saraka ya /dev/input nzima, maana faili likitolewa moja moja, ni yale tu yaliyokuwapo mwanzoni yaonekanayo. Pili, liruhusiwe kutumia vifaa vyenye namba kuu 13, ambayo ni ya vifaa vya kuingizia. Tatu, programu iangalie pia mabadiliko ya ruhusa, kwa kuwa faili huweza kutokea kabla udev hajamaliza kazi yake. Programu ingojayo faili jipya tu hubisha hodi, hukataliwa, wala hairudi tena.

Hata hivyo iko hatari isiyofaa kunyamaziwa. Saraka hiyo hiyo ina faili la kibodi, na kontena lenye ruhusa ya kuisoma yote laweza kusoma kila herufi iandikwayo, hata neno la siri. Kwa hiyo asiyemwamini mtunzi wa mchezo asimfungulie dirisha lote. Ampe faili la kidhibiti peke yake, naye akubali kuanzisha kontena upya kila akichomekapo.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na hivyo ukaonyesha kwamba lugha hii yaweza kubeba elimu ya kompyuta. Jambo lililoelezwa hapa ni ushahidi mwingine. Ayatofautishaye maneno kugundua na kutambua amekwisha kuona mahali kosa lilipo, kabla hajagusa kompyuta.