Jina lisilochorwa mstari

Katika daftari la mafundisho ya watu wazima, kigango kimoja cha Kikatoliki mkoani Mwanza, kuna jina linalorudi kila darasa jipya linapoanza. Aliyebatizwa huchorewa mstari wa kalamu nyekundu, jina lake likahamia kitabu cha ubatizo parokiani. Hili halijawahi kuchorwa.

Katekista, mzee anayefundisha kila Jumapili baada ya ibada, hakushangaa nilipouliza. Mwenye jina ni mke wa pili. Bi mkubwa yupo, mume yupo, na mume mwenyewe kanisani haji. Kwa macho ya Kanisa mwenye ndoa ni yule wa kwanza. Huyu, ambaye mahari yake ililipwa ng'ombe mmoja mmoja mbele ya wazee, hawezi kubatizwa akiwa bado katika nyumba ile. Kanuni ya 1148 ya sheria za Kanisa inamtaka mume wa wake wengi anayebatizwa abaki na mmoja, na walioachwa watunziwe mahitaji yao. Watunzwe na nani, anauliza mwalimu, na watoto walale wapi?

Basi mama huja. Hukaa benchi la nyuma, kanga begani, bila daftari kwa kuwa hajui kusoma. Sala ya Nasadiki anayo yote kichwani. Wenzake wengi wanakimbizana na tarehe ya kufunga ndoa, na vijana wa bodaboda hufika na kofia ngumu mkononi wakisinzia. Kijana mmoja alitaja sakramenti sita, akakwama baada ya Daraja. Sauti ya kumnong'oneza ilitoka nyuma: Ndoa.

Wamisionari Mababa Weupe, waliofika Bukumbi, mkoani humuhumu, mwaka 1883, walikuwa na sharti la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Mama huyu ameipita zamani.

Kwa nini basi mwalimu anaendelea kumwandika? Hapa ndipo aliponinasa. Mkatekumeni, yaani anayefundishwa akingoja ubatizo, akifa, Kanisa humzika kama mmoja wa waamini wake. Jina likiwa daftarini, anasema, hakuna wa kuleta ubishi msibani. Na akiwa katika hatari ya kufa huweza kubatizwa palepale kitandani, hata na katekista akikosekana padre. Yaani mlango umefungwa kwa mzima, ukaachwa wazi kwa mahututi. Sijui mwenye akili timamu amweleze vipi mama yake jambo hilo.

Mwalimu amewahi kuyamimina maji hayo kwa mke mdogo mwingine, aliyekuwa amekata kauli. Akapona. Akarudi kupika katika nyumba ileile, sasa akiwa Mkristo asiyeruhusiwa kukomunika, na hata paroko wa wakati huo alibaki kimya. Nilimuuliza mwalimu kama angeyamimina tena. Alisema yeye si daktari. Hawezi kungoja kwanza aone kama mgonjwa atapona.