Watu 384 wa Kindu

Katika rasimu za tasnifu za uzamivu zinazohusu mji wa Kindu, namba mbili hujitokeza mara kwa mara kwenye sura ya mbinu: 96 na 384. Mtahiniwa anaandika kwamba amewahoji watu 384, anataja fomula ya Bouchard au ya mwingine, kisha anahamia sura inayofuata. Jopo likimuuliza kwa nini 384 na si 250, anajibu kwamba fomula ndiyo iliyosema. Jibu hilo halitoshi popote, na huko Kindu lina hatari zake za pekee.

Namba yenyewe haina siri. Ukitaka kujua ni asilimia ngapi ya watu wana jambo fulani, na huna fununu yoyote, unachukulia kwamba nusu wanalo na nusu hawana, maana hapo ndipo mashaka yanapokuwa makubwa kuliko kwingine kote. Unazidisha 0.5 kwa 0.5, unazidisha tena kwa mraba wa 1.96, ambayo ndiyo inayobeba uhakika wa asilimia 95, kisha unagawanya kwa mraba wa kosa unaloweza kulivumilia. Ukivumilia kosa la asilimia 10 unapata 96. Ukitaka kosa la asilimia 5 unapata 384. Ni hesabu ya dakika mbili, lakini imesimama juu ya sharti ambalo halionekani ndani ya fomula: kila mtu wa jamii unayoichunguza awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Bila orodha ya watu, au angalau ya nyumba, sharti hilo halitimiziki.

Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Wakati huo Maniema, mkoa ulipo mji wa Kindu, ilikuwa bado ndani ya Kivu; ilikuja kuwa mkoa wa peke yake mwaka 1988. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa sensa sasa amevuka miaka 40, na kila idadi ya wakazi iliyotolewa tangu hapo ni makadirio. Komini ina yake, viongozi wa kartie wana zao, na zoni za afya zina zile zinazohesabiwa wakati wa kampeni za chanjo. Mtahiniwa huchagua mojawapo na kuiingiza kwenye fomula, akidhani hapo ndipo penye tatizo. Sipo. Kwa mji mkubwa, ukiandika wakazi 200,000 au 500,000, fomula itakurudishia kitu kile kile: karibu 384. Idadi ya jumla haiharibu sana. Kinachoharibu ni kwamba hujui hao 384 umewatoa wapi.

Hapo mto nao unaingia. Kindu ina komini tatu: Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto wa Lualaba, na Alunguli ng'ambo ya pili, kwa mtumbwi. Msaili anayelipwa kwa idadi ya hojaji alizojaza ataanzia sokoni na kwenye barabara kubwa, mahali watu wanapatikana upesi. Ikifika zamu ya kuvuka, mvua imenyesha, siku imekwisha, hojaji zimebaki chache. Mwishoni namba itatimia 384, na asilimia zitaandikwa kwa desimali mbili, huku komini nzima ikiwa imeachwa nje au imeguswa kwa nyumba chache za karibu na gati. Hakuna fomula inayoweza kuirudisha.

Njia ya kutoka ipo, na haihitaji sensa. Shirika la Afya Duniani lilikumbana na shida hii hii lilipotaka kupima kiwango cha chanjo katika nchi zisizo na orodha za watoto. Likaamua kuchagua vijiji au mitaa 30, na katika kila mmoja watoto 7, jumla 210. Msingi wake ni ile 96 tuliyoiona, ikizidishwa mara mbili, kwa sababu majirani hufanana: wanatumia kituo kimoja cha afya, wanasikiliza mhubiri mmoja, kwa hiyo watu saba wa mtaa mmoja hawakupi habari za watu saba waliotawanyika. Mtahiniwa wa Kindu anaweza kupanga mitaa ya komini zote tatu, achague kwa bahati nasibu, achore ramani ya nyumba za mitaa aliyoipata tu, na azidishe namba yake inavyostahili. Ni kazi ya miguu, na ndiyo inayompa haki ya kusema "wakazi wa Kindu".

Ila sampuli ni nusu ya mambo. Nusu nyingine, nzito zaidi, ni umbo la swali, na mfano bora ninaoujua haukutoka ng'ambo. Ulitoka humu humu Maniema, Kasongo, kusini mwa Kindu. Kuanzia miaka ya 1970, madaktari wa Kasongo pamoja na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga pale mfumo wa afya ya msingi, vituo vidogo vikiwa vimeungwa na hospitali moja. Jambo moja waliloliuliza lilihusu uzazi. Wakati huo ilikuwa imani ya wataalamu wengi duniani kwamba ukimchunguza mjamzito mapema, ukajua kama amewahi kupata shida katika uzazi uliotangulia, utaweza kutabiri nani atapata uchungu pingamizi, yaani mtoto kushindwa kupita kwenye nyonga, ili umtume hospitali kabla ya siku yake.

Fikiria sasa jinsi mtu angeweza kulichunguza jambo hilo kwa urahisi. Angekaa hospitali ya Kasongo, akawauliza waliopasuliwa historia ya uzazi wao. Angepata hojaji zake, na angepata jibu la upande mmoja tu, maana asingewaona kamwe wale waliodhaniwa kuwa hatarini na wakajifungua salama kijijini. Kikosi cha Kasongo kilifanya kinyume. Kiliwafuata wajawazito 3,614, waliotiwa alama ya hatari na wasiotiwa, hadi mwisho wa uzazi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1984, yaliwatikisa wengi. Katika kila wanawake 100 waliopata uchungu pingamizi, 71 hawakuwa wametiwa alama. Na katika kila 100 waliotiwa alama, 90 hawakuupata. Waliotiwa alama walikuwa na hatari kubwa kuliko wenzao, ni kweli. Lakini wenzao walikuwa wengi mno, na hatari ndogo ikizidishwa kwa watu wengi huzaa wagonjwa wengi. Takwimu hizo za Kasongo zilitajwa tena na tena katika mjadala wa kimataifa uliofuata, uliosisitiza kwamba kila mjamzito awe na njia ya kufikia huduma ya dharura, badala ya kutegemea utabiri.

Nawasihi watahiniwa wakae na mfano huu, kwa sababu uamuzi wa mbinu pale haukuwa jina la shule ya fikra. Katika vyuo vyetu, tangu kitabu cha Roger Pinto na Madeleine Grawitz cha 1964 kilipozoeleka, tumejifunza kuandika kwamba tumetumia mbinu ya uamilifu-muundo, tukisaidiwa na nyaraka, usaili na ushuhudiaji. Sentensi hiyo hunakiliwa kutoka tasnifu hadi tasnifu. Kitabu hakina kosa. Tatizo ni kwamba mwandishi hawezi kusema kitu gani kingepotea kama angeiondoa mojawapo. Kama usaili ukiondolewa na hitimisho likabaki vile vile, usaili huo ulikuwa wa nini?

Yapo pia maswali ambayo kwayo hojaji haina kazi. Mwanahistoria anayetaka kujua kilichotokea soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, watu walipopigwa risasi kando ya Lualaba, hana sampuli ya kuchota. Anaye msafiri David Livingstone, aliyekuwepo, na aliyeandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda kwa kukosa karatasi. Baadaye aliyanakili maelezo hayo katika shajara yake kubwa, na mwaka 1874 mhariri Horace Waller akayachapa London. Mwaka 2011 kikosi kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilizisoma kurasa zile zilizofifia kwa kuzipiga picha chini ya miali mbalimbali ya mwanga, na maandishi ya mwanzo yakaonekana kutofautiana na yaliyochapwa, hasa kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe. Mbinu hapa ni kuweka matoleo kando kwa kando na kuuliza nani alibadilisha nini.

Rudi Kasongo kidogo. Kikosi kile kile kilichapisha mwaka 1981, katika jarida la The Lancet, utafiti wa chanjo ya surua. Watoto waliochanjwa waliishi zaidi, lakini faida ilipungua kadiri walivyokua, na waandishi wakashuku kwamba baadhi ya waliookolewa kutoka kwa surua walikuja kufa kwa maradhi mengine. Mwaka 1995 Peter Aaby na wenzake walizipitia upya takwimu za nchi kadhaa, za Kasongo zikiwemo, na kufikia hitimisho tofauti kabisa: chanjo hiyo hupunguza vifo vingi kuliko vile vinavyosababishwa na surua yenyewe. Waliweza kubishana na Kasongo kwa sababu Kasongo ilieleza ilivyohesabu. Jambo hilo mtahiniwa wa Kindu analiweza bila fedha za Antwerp. Atunze daftari la kila mtaa: nyumba ngapi zilikutwa zimefungwa, wangapi walikataa na kwa sababu gani, nani aliitafsiri hojaji kutoka Kifaransa, na kama wasaili wote waliuliza kwa maneno yale yale. Kisha alitie kama kiambatisho cha tasnifu.