Maswali Kumi Yanayoishia Mlangoni

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha utafiti uliobadilisha namna tunavyosoma afya ya mtu mzima. Felitti alikuwa na kliniki ya kupunguza unene mjini San Diego, na jambo lililomsumbua ni kwamba wagonjwa waliokuwa wakipungua vizuri ndio walioacha tiba ghafla. Alipowauliza habari za utoto wao, wengi walisimulia ukatili wa kingono ambao hakuna daktari aliyewahi kuwauliza. Ndipo likaandaliwa dodoso, likapelekwa kwa wanachama wa mfuko wa afya wa Kaiser Permanente, na mwishowe watu zaidi ya 17,000 wakajibu.

Dodoso hilo ni fupi. Linauliza mambo kumi yaliyompata mtu kabla hajatimiza miaka 18: kupigwa, kudhalilishwa kwa maneno, kudhalilishwa kingono, kukosa matunzo, kukosa upendo, mama kupigwa, kuishi na mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya, kuishi na mtu mwenye maradhi ya akili, wazazi kuachana, na mtu wa nyumbani kufungwa jela. Taarifa ya kwanza ilikuwa na makundi saba tu, mengine yakaongezwa baadaye. Kila "ndiyo" ni alama moja. Waliofikisha alama nne walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyozidi ya wasio na alama kwa mara 4 hadi 12.

Mwili unaeleza kwa nini. Mtoto akiogopa, homoni za tahadhari humwagika, kotisoli ikiwemo. Moyo unaenda mbio, sukari inapanda, kisha akitulizwa na mtu anayemwamini vyote vinashuka. Asipopata wa kumtuliza, na hofu ikawa ya kila siku, mwili hukesha. Ubongo unaokua hujipanga kwa ajili ya hatari, na uwezo wa kutulia darasani au kulala usingizi mzito ndio unaolipa gharama.

Sasa tuangalie waliojibu. Karibu robo tatu walikuwa Wazungu, wengi wamepita chuo, wote wana bima. Maswali yaliyotokana na kundi hilo yanachungulia ndani ya nyumba, yanaishia mlangoni. Kwa mtoto ambaye hatari yake kubwa inatoka ndani, yanatosha. Kwa mtoto wa Kilatino, yaani mwenye asili ya Mexico, Guatemala, Puerto Rico na kwingineko, au kwa mtoto wa wazazi wa rangi mbili, hayatoshi hata kidogo.

Mwaka 2018 jarida la JAMA Pediatrics lilitoa hesabu kutoka majimbo 23, watu zaidi ya 214,000, kwa toleo fupi la dodoso hilo. Wastani wa Wazungu ulikuwa alama 1.52, Weusi 1.69, Walatino 1.80, na waliojitaja kuwa na asili zaidi ya moja 2.52. Nimeona namba hiyo ya mwisho ikitumiwa vibaya, kana kwamba ni ushahidi dhidi ya ndoa za mchanganyiko. Nitairudia.

Kwanza Walatino. Ndani ya kundi lao kuna jambo linalowashangaza watafiti: watoto wa wahamiaji, ambao mara nyingi ni maskini zaidi, huripotiwa kuwa na alama chache kuliko watoto wa Walatino waliozaliwa Marekani. Sehemu ya maelezo ni ya kutia moyo. Nyumba nyingi za wahamiaji zina wazazi wawili, bibi yupo jikoni, na wazazi wa ubatizo huhesabiwa kuwa ndugu wa damu. Sehemu nyingine inapaswa kututia wasiwasi, kwa sababu dodoso haliulizi kama umewahi kwenda shule ukiwa hujui kama utamkuta mama ukirudi.

Mfano ni Postville, mji mdogo wa jimbo la Iowa, wa watu elfu mbili na ushei, uliokuwa ukiishi kwa kiwanda cha nyama. Tarehe 12 Mei 2008 maafisa wa uhamiaji mamia kadhaa walikivamia wakisaidiwa na helikopta, wakakamata wafanyakazi 389, wengi wao Waguatemala. Familia zilikimbilia kanisa Katoliki la Mtakatifu Brigida zikalala humo. Siku iliyofuata karibu nusu ya wanafunzi wa mji huo hawakuonekana shuleni. Baadhi ya akina mama waliachiwa wakalee watoto, lakini wakiwa wamefungwa vifaa vya ufuatiliaji vifundoni. Hebu fikiri mtoto wa miaka minne anayeviona vifaa hivyo kila mama anapovua viatu.

Watafiti walikuja kulinganisha watoto waliozaliwa Iowa nzima katika wiki 37 baada ya uvamizi na waliozaliwa katika kipindi kama hicho mwaka mmoja kabla. Kwa akina mama wa Kilatino, hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu ilipanda kwa asilimia 24. Kwa akina mama Wazungu haikupanda. Na katika hao wa Kilatino walikuwemo waliozaliwa Marekani, raia kamili wenye makaratasi yote, wanaoishi mbali na Postville. Hofu ilipita kwenye plasenta bila kuuliza pasipoti. Watoto hao wakijibu dodoso ukubwani, tukio lile halitawapa hata alama moja.

Ni hivyo hivyo kwa watoto zaidi ya 2,000 waliotenganishwa na wazazi wao kwenye mpaka wa Marekani na Mexico katika wiki chache za mwaka 2018. Colleen Kraft, aliyekuwa rais wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, alikiita kitendo hicho ukatili dhidi ya watoto. Yule ambaye baba yake alifukuzwa nchini angeweza kujibu "ndiyo" kwenye swali la wazazi kuachana, na hapo uamuzi wa serikali ungeandikwa kama udhaifu wa ndoa. Hili linaniudhi kuliko yote, maana takwimu ya namna hiyo hurudi mikononi mwa watunga sera ikimlaumu mama.

Turudi kwenye 2.52. Kundi la "asili zaidi ya moja" si jamii moja. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta mwaka 2015 kwamba nusu ya watu wazima wa kundi hilo ni mchanganyiko wa Wazungu na wenyeji asilia wa Marekani, watu ambao vizazi vyao viliporwa watoto, wakapelekwa shule za bweni ili wasahau lugha na mila. Wenye asili mchanganyiko pia ni vijana zaidi, na vijana huripoti madhila mengi kuliko wazee. Kwa hiyo namba inabeba historia, umri na umaskini kwa pamoja. Damu kuchanganyika peke yake hakumdhuru mtu.

Kinachodhuru ni namna mchanganyiko huo unavyopokelewa. Mwaka 1948 Andrea Perez, mwenye asili ya Mexico, na Sylvester Davis, mwanamume Mweusi, walilazimika kwenda Mahakama Kuu ya California ili wapewe cheti cha ndoa, kwa kuwa sheria ilimhesabu Perez kuwa Mzungu na ilikataza Mzungu kuoana na Mweusi. Walishinda kwa kura 4 dhidi ya 3. Nchi nzima ilisubiri hadi 1967 na kesi ya Loving, iliyofuta marufuku ya ndoa hizo, na sensa ikasubiri hadi mwaka 2000 kumruhusu mtu kuchagua asili zaidi ya moja. Wanandoa wa aina hiyo mara nyingi walikatwa na koo zao. Mtoto akapoteza mabibi na mababu, shangazi na wajomba, watu wale wale ambao wangemtuliza moyo unapomwenda mbio.

Na nyumbani pia rangi huongea. Katika familia nyingi za Karibiani, ndugu wa tumbo moja hutofautiana weusi na nywele, na nywele za kipilipili huitwa kwa Kihispania *pelo malo*, nywele mbaya, tena na bibi anayempenda mjukuu. Msichana anavutwa kitana kila Jumapili huku akisikia hayo, dada yake mweupe akisifiwa kando. Dodoso lingemuuliza kama alitukanwa. Angejibu hapana, kwa sababu bibi hakumtukana.

Je, tuache kuhesabu? Hapana. Huko Philadelphia, mwaka 2012 na 2013, watafiti waliongeza maswali kuhusu ubaguzi, mtaa usio salama, uonevu wa wenzao na kulelewa na serikali, wakawaona watu ambao dodoso la kwanza liliwaacha. Lakini alama ni kifaa cha kupima jamii. Anda mwenyewe aliandika mwaka 2020 akionya dhidi ya kuitumia kumpima mtu mmoja mmoja, kwa kuwa haionyeshi madhila yalikuwa makali kiasi gani, yalidumu muda gani, wala nani alikuwepo kumfariji. Nakubaliana naye. Daktari anayemwambia kijana "wewe una sita" kisha anamruhusu aende, amemwongezea mzigo.

Swali la nani alikuwepo limepimwa pia. Huko Wisconsin watu wazima waliulizwa kama utotoni waliweza kuzungumza hisia zao nyumbani, kama walifurahia mila za jamii yao, kama walikuwa na watu wazima wawili, mbali na wazazi, waliowajali kwa dhati. Yalikuwa maswali saba. Waliojibu "ndiyo" kwa sita au yote walikuwa na uwezekano wa sonona au afya mbovu ya akili uliopungua kwa asilimia 72 kuliko waliofikia mawili au chini yake, hata kwa wale waliopitia mengi.

Kuna mzigo mmoja wa watoto wa wahamiaji unaoweza kuondolewa leo, na unawahusu pia Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa makazi Marekani. Mtoto wa miaka kumi ndiye ajuaye Kiingereza, basi ndiye anayekaa kati ya mama na daktari na kutamka kwamba uvimbe ni saratani. Tangu mwaka 2016 kanuni ya shirikisho inazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura inayotishia usalama au ustawi wa mtu wakati mkalimani hayupo. Mkalimani anatolewa na hospitali, bure, hata kwa njia ya simu. Mama ataje jina la lugha yake mapokezi, na mtoto asubiri nje.