Viungo vya askari wa zimamoto: Vitunzwe kabla king'ora hakijalia

Leo tuzungumzie viungo vya mwili, yaani magoti, nyonga, mabega, kiuno na vifundo vya miguu, hasa kwa ndugu zetu wanaofanya kazi ya zimamoto na uokoaji. Huenda ukasema, "Mimi si zimamoto, yananihusu nini?" Soma mpaka mwisho. Mwenye mume, mtoto au jirani katika kazi hiyo yanamhusu. Na anayebeba ndoo, gunia au kumwinua mgonjwa kitandani yanamhusu vilevile.

Nianze na kisa. Dada mmoja alikuja katika zahanati ninayofanyia kazi akiwa na mtoto mwenye homa. Tulipomaliza ya mtoto, hakuinuka. Akasema, "Dokta, mume wangu siku hizi anasali kwenye kiti. Ana miaka 34 tu. Nikimuuliza, ananiambia ni uchovu." Nikamwambia amlete.

Kaka yule, ambaye ni askari wa zimamoto, alikuja baada ya wiki mbili, tena kwa shingo upande. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Aliliumiza miezi minne nyuma, si ndani ya moto, bali aliporuka kutoka kwenye gari lao. Hakumweleza mkubwa wake kwa kuogopa kuondolewa katika kundi la wanaoingia ndani. Kila siku alikuwa akimeza vidonge vya diklofenaki alivyonunua dukani, ili afike kazini bila kuchechemea. Nilipompima shinikizo la damu, nikalikuta limepanda.

KAZI INAYOCHOSHA VIUNGO

Wengi wetu hudhani kuwa hatari kubwa ya zimamoto ni kuungua. Lakini huko Marekani, ambako majeraha ya kazi hii huhesabiwa kila mwaka, kwa miaka mingi yanayoongoza ni kuteguka viungo na kuumia misuli. Kuungua huja nyuma.

Sababu zake hazijifichi. Mavazi ya kuingilia motoni, kofia, viatu na mtungi wa hewa vikijumlishwa hufika kilo 20 hadi 25. Mama wa nyumbani ataelewa haraka nikisema hiyo ni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, au zaidi yake. Sasa ivae mwilini, kisha panda nayo ngazi mpaka ghorofa ya nne. Bado kuna mpira wa maji. Mpira wenye upana wa milimita 65 ukijaa, kila mita 20 zake hubeba maji ya karibu kilo 66. Huo ndio mzigo anaouvuta akiwa ameinama, sakafu imelowa na haoni mbele kwa moshi.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo mwezi Novemba 2024, uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Kazi ya namna ile ni kutambaa, kuchuchumaa, kujipinda na kuinua vifusi kwa saa nyingi. Kiungo kilichokakamaa hakiwezi kuhimili hayo bila kudhurika.

KIUNGO HUFANYAJE KAZI?

Pale mifupa miwili inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye utelezi. Katikati yake yamo majimaji yanayolainisha, mfano wa grisi kwenye bawaba ya mlango. Kano huishikilia mifupa isiachane, na misuli ndiyo inayoivuta.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gegedu ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika yale majimaji, nayo huingia kiungo kinapokandamizwa na kuachiwa, yaani kinapotembezwa. Kwa hiyo kiungo kisichotumiwa hukosa lishe, na kinachotwishwa mzigo kupita kiasi husagika. Usalama uko katikati ya hayo mawili.

Tena viungo hutegemeana. Kifundo cha mguu kikigoma kukunjika, goti hulazimika kufidia. Nyonga zikikaza, kiuno ndicho kinachojipinda badala yake. Ndiyo maana mtu huja akilalamikia kiuno, kumbe asili ya tatizo ni nyonga.

JIPIME MWENYEWE

Vipimo vitatu hivi havihitaji chombo chochote. Vifanye taratibu, na ukisikia maumivu makali, acha.

Kwanza, chuchumaa kama unavyofanya chooni, visigino vikiwa chini. Kama visigino vinanyanyuka au unaanguka nyuma, vifundo vya miguu au nyonga zako zimekaza.

Pili, simama ukiuelekea ukuta, weka mguu mmoja mbele, kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Kunja goti liguse ukuta bila kunyanyua kisigino. Likishindwa kufika, kifundo hicho kinahitaji mazoezi. Kisha pima mguu wa pili. Tofauti kubwa kati ya miguu miwili nayo ni dalili ya kuangaliwa.

Tatu, pitisha mkono mmoja juu ya bega na mwingine chini kwa nyuma, kama anayejisugua mgongo, ujaribu kukutanisha vidole. Anayebakiza nafasi kubwa sana atapata taabu kuvaa mtungi wa hewa na kufanya kazi za juu ya kichwa.

DAKIKA KUMI ZA KILA SIKU

Mwanzo wa zamu, au asubuhi nyumbani, fanya haya. Zungusha kila kifundo cha mguu mara 10 kila upande. Rudia lile zoezi la goti na ukuta mara 10 kwa kila mguu. Shika ukuta, upeleke mguu mbele na nyuma, kisha pembeni, mara 10. Piga magoti na viganja chini, upandishe mgongo kama paka aliyeshtuka, halafu uushushe, mara 10. Zungusha mabega. Malizia kwa kuchuchumaa na kuinuka mara 10 bila mzigo.

Kuvuta misuli na kuituliza hapo kwa muda mrefu usikufanye kabla ya kazi nzito, kwa kuwa hupunguza nguvu kwa muda. Kuweke baada ya kazi, mwili ukiwa na joto. Na wepesi wa viungo bila nguvu hautoshi. Mara mbili au tatu kwa wiki, fanya mazoezi ya kuimarisha mapaja, makalio, tumbo na mgongo, kwani misuli hiyo ndiyo inayolinda magoti na kiuno.

TAHADHARI KAZINI NA NYUMBANI

Usiruke kutoka kwenye gari. Shuka ukiwa umeligeukia, na wakati wote mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika. Sekunde mbili unazookoa kwa kuruka zinaweza kukugharimu goti.

Mzigo usogeze karibu na kifua, kunja nyonga na magoti, na ukitaka kugeuka, geuza miguu na si kiuno. Mtu mzito abebwe na wawili. Hii ni sawa kwa askari anayemtoa majeruhi na kwa binti anayemwinua bibi yake.

Ujue pia kwamba usiku tunapolala, zile pingili laini zilizo kati ya mifupa ya uti wa mgongo hunyonya maji na kutuna. Saa ya kwanza baada ya kuamka, kuinama sana ukiwa na mzigo huutaabisha mgongo zaidi. Anayeamshwa na king'ora usiku wa manane hana hiari, ila ajinyooshe akiwa anavaa. Wewe wa nyumbani, ndoo nzito ziache kidogo.

Uzito wa mwili nao una hesabu yake. Kila kilo moja unayoipunguza hulitua goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

UKISHAUMIA

Kiungo kikiteguka, acha kazi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, ukirudia mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji isiyobana sana, na uinue mguu. Siku mbili tatu za mwanzo usichuliwe kwa nguvu, usivutwe, wala usikandwe kwa maji ya moto, kwani huongeza uvimbe. Baada ya hapo anza kukitembeza taratibu, usikifungie kitandani wiki nzima.

Nenda hospitali haraka kama huwezi kukanyaga hata hatua nne, kama mfupa wenyewe unauma ukiguswa au umekaa vibaya, au kama kuna ganzi. Na maumivu ya kiuno yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa haja, ni dharura ya saa hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Kuhusu diklofenaki na dawa za jamii yake, zikitumiwa kila siku bila usimamizi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Kwa zimamoto hatari ni zaidi, maana hupoteza maji mengi kwa jasho. Tena dawa inaficha maumivu tu, huku kiungo kikiendelea kuharibika.

Na mwenye goti lililovimba asijilazimishe kusujudu. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kusali kwa kadiri awezavyo. Lakini ruhusa hiyo isiwe sababu ya kuacha kutibiwa.

Kaka yule tulimwachisha vidonge, akapimwa, akapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kilichomwia kizito kuliko yote ni kumweleza mkubwa wake. Alipomweleza, alipewa kazi ya kuendesha pampu mpaka apone. Goti halijawa kama zamani, lakini baada ya miezi mitatu alirudi kusujudu, na shinikizo la damu lilishuka.

Basi dada zangu, mkiona mabadiliko kwa waume zenu, kupanda ngazi upande upande, kuinuka kwa kushika meza, kusali kwenye kiti bila maelezo, msikubali jibu la uchovu tu. Nanyi ndugu zangu wa zimamoto, kusema "naumia" mapema si woga. Anayeficha goti bovu humhatarisha na mwenzake aliye nyuma yake kwenye ngazi.