Yai Bora Huanzia Bandani

Mkoa wa Singida unasifika nchini kwa kuku wake wa kienyeji. Matenga ya kuku hupakiwa kwenye mabasi na malori kwenda Dodoma na Dar es Salaam, na wako walaji wa mjini ambao huagiza kuku wa Singida kwa jina. Lakini mayai ya kuku haohao mara nyingi hayapati heshima hiyo. Mengine hufika sokoni yakiwa machafu au yamepata ufa, na mengine yakivunjwa kwenye kikaango yananuka. Mnunuzi akikutana na yai viza mara mbili, harudi tena kwa mama yule.

Akina mama wengi wakipata hasara hiyo husema, "Kuku wetu ni duni, tutafute mbegu ya kisasa." Je, ni kweli kwamba kosa ni la mbegu? Katika makala hii tunapenda kueleza ni mambo gani ya yai yanatokana na mbegu ya kuku, na ni yapi yanatokana na banda na matunzo. Mama akiijua tofauti hiyo hatatumia fedha zake mahali pasipohitajika.

Mbegu huamua nini?

Mbegu huamua hasa mambo matatu: ukubwa wa yai, idadi ya mayai na rangi ya ganda.

Yai la kuku wa kienyeji lina uzito wa gramu 40 hivi, wakati lile la kuku wa kisasa lina gramu 55 hadi 60. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha huatamia na kulea vifaranga. Ndiyo maana kwa mwaka hutoa mayai 40 hadi 60 tu. Kuku wa kisasa wa mayai huweza kupita 250 akilishwa vizuri, kwa kuwa wafugaji wa nje walichagua kwa vizazi vingi kuku wasiopenda kuatamia.

Rangi ya ganda nayo ni ya mbegu. Kuku wa Leghorn hutaga mayai meupe, na Rhode Island Red hutaga ya kahawia. Rangi hiyo haiongezi wala kupunguza chakula kilichomo ndani ya yai.

Siku hizi wako pia kuku kama Sasso na Kuroiler, ambao walienea sana nchini miaka ya 2010. Hutaga zaidi ya kienyeji, lakini wanahitaji chakula cha ziada kila siku, na huwezi kuwategemea kuatamia. Mama mwenye kuku 10, asiye na mashine ya kuangulia, akiuza kienyeji wote atalazimika kununua vifaranga kila mara. Tunashauri abakize mitetea michache ya kienyeji iliyo milezi mizuri.

Kiini cha manjano hutoka wapi?

Wengi hudhani kiini chenye rangi ya manjano iliyokolea ni alama ya kuku wa kienyeji. Sivyo. Rangi hiyo hutoka kwenye chakula. Kuku anayetembea huokota majani mabichi, na majani hayo ndiyo yanayokoleza kiini. Mfungie kuku huyohuyo, umpe mtama, uwele au mahindi meupe peke yake, na kiini kitapauka. Mpe mchicha, majani ya kunde au ya mlonge, na kiini kitarudia rangi yake.

Banda na ganda la yai

Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na mwili wa kuku hulitengeneza kwa saa 20 hivi. Joto likizidi, kuku huhema akiwa amefunua mdomo. Kwa kuhema hivyo hupoteza hewa ukaa nyingi, ambayo mwili wake huihitaji pamoja na chokaa katika kujenga ganda. Tena hula kidogo. Basi banda la bati lililo chini, lisilopitisha hewa, litaleta mayai yenye ganda jepesi wakati wa joto la Oktoba na Novemba, hata kama mbegu ni bora namna gani.

Ganda pia lina maelfu ya vitundu vidogo, na juu yake kuna utando mwembamba unaolilinda. Yai likitagwa kwenye kinyesi chenye unyevu, vijidudu hupenya ndani. Ukiliosha kwa maji baridi unazidi kuvisaidia kuingia. Yai lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu; lililochafuka sana usiliuze.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2004 mayai hupigwa muhuri wenye namba kuanzia 0 hadi 3 kuonyesha kuku alifugwaje, na tangu mwaka 2012 vizimba vyembamba vya zamani vimepigwa marufuku. Hata hivyo, kuku huru peke yake hatoshi. Yai lililotagwa kichakani na kuokotwa baada ya siku 4 laweza kuwa baya kuliko la kuku aliyefungiwa.

Banda linalofaa

Katika nyumba nyingi kuku hulala jikoni au chumbani pamoja na watu. Hilo si jema kwa afya ya familia wala kwa mayai. Banda rahisi hujengwa kwa miti, udongo na nyasi. Zingatia haya:

1. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua lisipige ubavuni.
2. Nyasi ni baridi kuliko bati. Upande unakotoka upepo mkali ukandikwe udongo. Pande nyingine ziachiwe nafasi ya hewa yenye wavu.
3. Kuku 5 wapate angalau mita 1 ya mraba, pamoja na vichanja vya kulalia.
4. Kila kuku 5 wawe na kiota kimoja cha sentimeta 30 kila upande, chenye nyasi kavu, mahali penye kivuli.
5. Matandazo yakilowa yaondolewe mara moja.

Ongeza mashudu ya alizeti, ambayo Singida yanapatikana, na kwa kuku wanaotaga weka chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa. Usisahau chanjo ya mdondo kila baada ya miezi 3. Ugonjwa huo huua kuku wengi, na wanaopona huweza kutaga mayai yenye ganda laini au lililopinda.

Kuokota na kupima

Okota mayai mara 2 au 3 kwa siku na kuyaweka mahali pa baridi. Kuku hutaga hata bila jogoo. Ikiwa mayai ni ya kuuza kwa kuliwa, mtenge jogoo, kwa sababu yai lenye mbegu likipata joto huanza kujenga kifaranga. Kabla ya kuuza, tumbukiza yai moja majini. Likilala chini ni jipya, likisimama limekaa siku nyingi, likielea litupwe.

Mwisho, tunawaomba akina mama wasiuze mayai yote. Bado zipo familia zinazomkataza mama mjamzito kula mayai kwa hofu kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Imani hiyo haina ukweli, na inamnyima chakula cha kujenga mwili wakati anapokihitaji zaidi. Katika kila mayai yanayookotwa, yatengwe ya mjamzito na ya watoto wadogo kwanza, ndipo mengine yaende sokoni.