Gift Ngoepe: misimu minane chini, mechi 41 juu

Katika vitabu vya beseboli ya Marekani, jina la Mpho' Gift Ngoepe linachukua mstari mfupi sana: mechi 41 za Ligi Kuu. Alicheza 28 mwaka 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates, na 13 mwaka 2018 akiwa na Toronto Blue Jays. Wachezaji wenye mstari mfupi kama huo ni wengi mno na karibu wote wamesahaulika. Huyu Mwafrika Kusini anakumbukwa kwa sababu moja: kabla yake, katika zaidi ya miaka 140 ya ligi ile, hakuna mzaliwa wa bara la Afrika aliyewahi kuichezea.

Siku alipoingia uwanjani, habari yake ilizunguka dunia nzima. Wengi waliandika kuhusu siku hiyo moja. Lakini kazi yenyewe ya Gift Ngoepe ilifanyika mahali pengine, katika ligi ndogo, kwenye miji ambayo hata Wamarekani wengi hawaijui, na kwa mshahara ambao kijana wa Goma au Bukavu anayeota kwenda kucheza ng'ambo asingeuamini.

Alizaliwa mwaka 1990 huko Pietersburg, mji ambao leo unaitwa Polokwane, na akakulia Randburg, kaskazini mwa Johannesburg. Mpho ni neno la kwao lenye maana ya zawadi, ndiyo maana ya Gift. Mama yake, Maureen, alifanya kazi katika klabu ya beseboli ya Randburg Mets, na klabu ikampa chumba kimoja ndani ya jengo lake. Humo mama aliishi na watoto wake. Ukifungua mlango, uwanja uko mbele yako. Watoto wengine wa Afrika Kusini walikuwa na kandanda, raga au kriketi. Beseboli ilikuwa mchezo wa watu wachache, na wengi wao wazungu. Gift aliupata mlangoni, kama vile mtoto wa mvuvi anavyoupata mtumbwi wa Ziwa Kivu: hakuuchagua, aliukuta.

Mwaka 2008 alipelekwa Tirrenia, Italia, ambako Ligi Kuu ya Marekani ilikuwa na shule ya vijana waliotoka nje ya Marekani. Mmoja wa waalimu alikuwa Barry Larkin, nyota wa zamani wa Cincinnati Reds, ambaye naye alicheza nafasi ileile ya kijana huyu. Larkin alivutiwa naye. Mwezi wa kumi mwaka huo Gift alisaini na Pirates na kuwa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini mkataba na timu ya Ligi Kuu. Bonasi yake ilikuwa dola 15.000. Kwa familia ya chumba kimoja hiyo ni feza nyingi. Kwa klabu ya Marekani, inayoweza kumlipa kijana mmoja mamilioni kabla hajavaa jezi, ilikuwa kama kununua tiketi ya bahati nasibu. Akiwa na miaka 19, mwezi wa tatu 2009, aliichezea nchi yake katika kombe la dunia la beseboli kule Mexico, kisha akaenda kuanza kazi.

Hapa tueleze kidogo, kwa sababu kwetu mchezo huu haujulikani sana. Basket tunaijua kwa sababu ya Dikembe Mutombo na Bismack Biyombo. Beseboli hatuna wetu.

Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Timu inayolinda ina wachezaji tisa. Wanne kati yao hulinda eneo la ndani, karibu na vituo, na mmoja wao husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Huyo ndiye shotistopu. Mipira mingi iliyopigwa kwa nguvu hutambaa chini kuelekea kwake, na ana muda mfupi sana wa kuinama, kuokota, kugeuka na kurusha hadi kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Akichelewa nusu sekunde, kazi imeharibika. Gift alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mikono yake ilikuwa laini na miguu myepesi.

Tatizo lilikuwa gongo. Katika beseboli, mtu anayefaulu kupiga mara 3 kati ya 10 ni mfalme. Anayefaulu mara 2 kati ya 10 yuko mashakani kila juma. Mwanzoni Gift alikuwa akipiga pande zote mbili, kulia na kushoto, ufundi ambao makocha wanaupenda. Haukumsaidia. Mwishowe aliuacha upande wa kushoto akabaki na wa kulia tu, jambo ambalo si dogo kwa mtu mzima ambaye mkate wake unategemea mazoea ya mwili.

Sasa ngazi yenyewe. Fikiria TP Mazembe ingekuwa na timu sita au saba chini yake, kila moja katika mji wake, na kila mchezaji akipandishwa au kushushwa kwa simu ya usiku. Ndivyo ligi ndogo zilivyokuwa wakati huo. Gift alianza mwaka 2009 ngazi ya chini kabisa kule Florida. Mwaka 2010 alikuwa State College, Pennsylvania. Mwaka 2011 alikuwa West Virginia, mwaka 2012 akarudi Florida kwenye timu ya Bradenton. Mwaka 2013 alifika Altoona, ngazi ya pili kutoka juu kati ya ligi ndogo, na hapo gari likakwama. Wapigaji wengi hukwama hapo, kwa sababu ndipo warushaji wanapoanza kujua udhaifu wako na kukurudishia uleule mpaka ujirekebishe. Mwaka huohuo mama Maureen alifariki. Yule aliyempa uwanja wa kuchezea hakumwona akifika.

Alikaa Altoona sehemu kubwa ya miaka mitatu. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini klabu inamvumilia mchezaji asiyepiga. Jibu si huruma. Pirates wa miaka ile walipenda warushaji wanaolazimisha mpira kutambaa chini, na mpira wa chini bila mlinzi hodari ni zawadi kwa adui. Kijana wa kurusha anayejifunza kazi anahitaji mtu nyuma yake anayeokota kila kitu. Kwa hiyo Gift alikuwa na faida hata siku ambazo gongo lake halikusema lolote: aliwasaidia wengine kupanda. Nadhani hapo ndipo penye uchungu wa kazi ya mchezaji wa namna hii, anayehamahama bila kufika. Unahitajika, lakini hapo hapo ulipo.

Na ulipo hapalipi. Miaka ya mwisho kabla ya 2021, kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 290 kwa juma katika ngazi za chini, dola 350 ngazi ya Altoona, na dola 502 ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo. Feza hiyo ililipwa wakati wa msimu tu, yaani karibu miezi mitano. Mazoezi ya kabla ya msimu hayakulipwa. Wachezaji walipanga nyumba moja wanne au watano na kulala kwenye magodoro chini, au walipokelewa na familia za mashabiki. Safari zilikuwa za basi, mara nyingi usiku kucha, na kesho yake mechi. Wakati wa mapumziko wengi walitafuta vibarua. Mwaka 2018 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaondoa wachezaji hao katika haki ya kulipwa saa za ziada, na hata jina la sheria hiyo lilisema inaokoa mchezo wa taifa.

Juu, mambo ni mengine kabisa. Mwaka 2017 kima cha chini cha Ligi Kuu kilikuwa dola 535.000 kwa msimu. Gawanya kwa siku za msimu, utapata karibu dola 2.900 kwa siku. Siku moja juu ilizidi mwezi mzima wa kima cha chini katika timu iliyo ngazi moja tu chini yake. Ndiyo maana mtu wa miaka 26 au 27 anaendelea kupanda basi.

Gift alipanda hadi Indianapolis mwaka 2015, ngazi ya mwisho kabla ya mlango. Kutoka pale hadi Pittsburgh ni karibu kilomita 600, na alizisubiri hadi 2017. Mwaka huo Pirates walipungukiwa na watu. Jung Ho Kang, mlinzi wao wa eneo la ndani, alikwama kwao Korea Kusini kwa kunyimwa viza baada ya kesi ya kuendesha gari akiwa amelewa. Starling Marte alisimamishwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa. Majeraha yakaongezeka. Simu ikapigwa.

Tarehe 26 mwezi wa nne 2017, Pirates wakicheza nyumbani na Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia, kocha Clint Hurdle alimwingiza Gift katika awamu ya nne kati ya tisa, alinde kituo cha pili. Mrushaji wa Cubs alikuwa Jon Lester, mmoja wa waliowapa ubingwa ule. Mara yake ya kwanza kushika gongo katika Ligi Kuu, Gift aliupiga mpira ukapita, akakimbia hadi kituo cha kwanza salama. Ilitokea katika klabu ambayo mwaka 1971 ilikuwa ya kwanza katika Ligi Kuu kuanza mechi na kikosi cha weusi watupu, Waamerika na wa Karibiani. Waafrika wa Afrika walichelewa miaka 46.

Baada ya majuma machache hesabu ikarudi kuwa ileile. Mwaka huo alipata wastani wa .222 na Pirates, yaani mara 2 kati ya 9. Glavu haikumwangusha, lakini warushaji wa Ligi Kuu walimjua upesi, na akarudishwa Indianapolis. Mwezi wa kumi na moja aliuzwa kwa Toronto. Mwaka 2018 alipata nafasi 18 za kupiga akafaulu 1. Akashushwa Buffalo, timu ndogo ya Toronto, na mlango wa juu haukufunguka tena.

Ni rahisi kusema alishindwa. Mimi sikubaliani, na si kwa sababu ya bendera ya Afrika. Vijana wengi wanaosaini kila mwaka hawafiki hata mechi moja, na wengi wao walitajwa kuwa bora kuliko yeye siku ya kusaini. Yeye alinunuliwa kwa 15.000 na akafika kwa mikono na miguu, bila gongo. Mwaka 2019 Mwafrika Kusini mwingine, mrushaji Tayler Scott, akawa wa pili kutoka bara letu. Victor, ndugu mdogo wa Gift aliyelelewa katika klabu ileile, naye alisaini na Pirates akapita kwenye ngazi zilezile.

Ngazi hizo zimebadilika. Mwaka 2021 timu za chini zilipunguzwa kutoka karibu 160 hadi 120, kwa hiyo nafasi za kuingia ni chache zaidi. Tangu 2022 klabu zinagharimia makazi ya wachezaji wengi wa ligi ndogo. Mwaka huohuo Ligi Kuu ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi ya mishahara ambayo wachezaji wa ligi ndogo waliianzisha mwaka 2014. Mwaka 2023 chama chao kilisaini mkataba wa kwanza wa pamoja: ngazi ya Altoona ilipanda kutoka dola 13.800 hadi 30.250 kwa mwaka, na ya Indianapolis kutoka 17.500 hadi 35.800. Gift Ngoepe alikuwa ameshaondoka katika ligi hizo.