Vigae vya jaani vyafichua siri za Wapueblo wa kale

KIGAE cha chungu kilichotupwa jaani miaka elfu moja iliyopita hakina thamani machoni pa wengi. Kwa mtaalamu wa akiolojia, hata hivyo, kigae hicho ni sawa na ukurasa wa kitabu, hasa pale jamii inayochunguzwa haikuacha maandishi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa Wapueblo wa kale wa kusini-magharibi mwa Marekani. Katika bonde la Chaco, jimbo la New Mexico, walijenga majumba makubwa ya mawe kati ya karne ya 9 na ya 12. Mojawapo, Pueblo Bonito, lilikuwa na vyumba zaidi ya 600.

Wafinyanzi wao hawakutumia gurudumu. Walisokota udongo mfano wa kamba, wakauzungusha pindi juu ya pindi, kisha wakalainisha kuta za chombo na kukichoma. Ili kisipasuke motoni, walichanganya udongo huo na mchanga, mawe yaliyosagwa au vigae vilivyopondwa.

Mchanganyiko huo ndio unaofichua asili ya chombo. Katika karne ya 20, mtafiti Anna Shepard alichunguza vigae vya Chaco kwa hadubini, akaona chembe za mwamba wa volkeno unaopatikana katika milima ya Chuska, yapata kilomita 80 upande wa magharibi. Ilibainika kuwa vyungu vingi vya kupikia vililetwa kutoka huko, tena na watu wasiokuwa na magari wala wanyama wa kubebea mizigo mizito.

Umri nao hujulikana kwa kulinganisha. Mnamo 1929, mwanasayansi A. E. Douglass alifaulu kutaja miaka ya ujenzi wa majengo hayo kwa kuhesabu pete za miti iliyotumiwa kama boriti. Vigae vilivyopatikana pamoja na boriti hizo vikawa kipimo: mtaalamu akiona mtindo wa michoro, hukadiria kipindi chake.

Ugunduzi ulioshangaza wengi ulitangazwa mwaka wa 2009. Tangu 1896, wachimbaji walikuwa wamekuta katika chumba kimoja cha Pueblo Bonito mitungi 111 myembamba, mfano wa bilauri ndefu, isijulikane ilikuwa ya kazi gani. Patricia Crown na Jeffrey Hurst walipima vigae vya vyombo vya aina hiyo kutoka jaani, wakapata theobromini, kemikali ya kakao. Mkakao haumei Chaco. Ulipandwa katika nchi za joto kusini, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Kumbe wakazi wa jangwa hilo walikunywa kinywaji cha mbali.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini kigae hunena tu ikiwa mahali kilipolala panajulikana. Anayekiokota na kukitia mfukoni, au kukichimbua ili akiuze, hubaki na kipande cha udongo, nayo historia hupotea.

Ndiyo sababu Marekani ilipitisha sheria ya kulinda mambo ya kale mwaka wa 1906, na nyingine mwaka wa 1990 inayowawezesha wenyeji wa asili kurejeshewa mabaki ya wahenga wao na vyombo walivyozikwa navyo. Kwa Wahopi, Wazuni na watu wa Acoma, ambao wangali wanafinyanga hadi leo, vigae hivyo ni kazi ya mikono ya mababu zao.